Vita Vyangu na Dakika za Bei Chee

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeitwa kwenye usaili! Ijumaa asubuhi. Mchambuzi msaidizi, idara ya bei, katika ule mtandao wa simu wa bei chee ambao matangazo yake yamebandikwa hadi ukutani mwa choo cha stendi. Hatimaye dunia imenitambua. Imechukua muda, lakini siilaumu. Dunia haijasoma sana.

Dada alipiga vigelegele mpaka sindano ya cherehani ikamkatikia kwenye pindo la mteja. Mumewe, yaani shemeji yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hakupiga chochote. Alinikumbusha tu makubaliano yetu: nisipopata kazi mwezi huu, mwezi ujao nitakuwa dukani kwake, nyuma ya mizani, nikipima misumari. Nilimweleza kwamba mtu aliyeandika tasnifu juu ya mwenendo wa bei hapimi misumari. Akasema hata misumari ina bei, shemeji, na mwenendo wake ni kupanda tu.

Hakuna cha kujibu hapo. Nilijibu hata hivyo, kwa kirefu.

Baada ya chakula dada akanivuta pembeni. Alisema amenitetea kwa mumewe mpaka maneno yamemwishia, na kwamba nikirudi mikono mitupu safari hii hatakuwa na la kusema. Tafadhali, mdogo wangu, jibu ulichoulizwa, kisha nyamaza. Dada ni mtu mwema. Ila hajui hoja inavyojengwa.

Swali lao nalijua tangu sasa: kampuni inayouza kwa bei ya kutupa inapata wapi faida? Nitakwenda na jibu ambalo hawajapata kulisikia.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimelipata! Lilikuwa kwenye maandishi madogo, nyuma ya kipeperushi, mahali ambapo mtu wa kawaida hufungia karanga.

Faida yao ni dakika zinazokufa. Kifurushi cha siku kina dakika tele kwa bei ya kiberiti. Lakini siku ikipita, zilizobaki zinafutwa. Nani awezaye kuongea kiasi hicho kwa siku moja? Hakuna. Kwa hiyo mteja analipia kikapu kizima, anakula tunda moja, na Kampuni inarudi nyumbani na kikapu chake. Wizi wa kistaarabu!

Uamuzi: nitanunua laini yao, kisha kifurushi, na kukitumia hadi sekunde ya mwisho. Ijumaa nitasimama mbele yao nikiwa ushahidi hai kwamba yuko mteja mmoja wasiyeweza kupata kwake hata chembe ya faida. Huo si usaili tena. Ni mahakama.

Kikwazo kidogo: dakika hizo ni za kupigiana ndani ya mtandao wao tu, nami humo namjua mtu mmoja, Mtanashati, tuliyesoma naye darasa moja, mwenye viatu ving'aavyo na maoni yasiyong'aa. Nikampigia. Lahaula! Naye ameitwa Ijumaa! Kazi ile ile! Nilimwuliza kwa hila kama anajua Kampuni inapataje faida. Akasema hajui, ndiyo maana anaitaka kazi. Nilicheka muda mrefu sana. Zilikuwa dakika zangu. Nilikuwa na haki ya kuzichekea.

Jioni Mtanashati aliacha kupokea. Dakika bado zimejaa tele. Inaniuma.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Vita havipiganwi na mtu mmoja. Leo nimeunda jeshi.

Nimemnunulia shangazi laini ya mtandao wa bei chee. Nimemnunulia na shemeji, kwa hoja kwamba atapigiwa bure. Akauliza na nani. Na mimi, nikasema. Akasema basi angelipia asipigiwe. Aliiweka hata hivyo, kwa kuwa simu yake inameza laini mbili na yeye hatupi kitu. Simu ya dada ina nafasi moja tu. Nilimbadilishia mwenyewe, kimyakimya, alipokuwa akimpima mteja mabega na pini mdomoni. Mema hayahitaji kutangazwa.

Kisha nikampigia shangazi. Alinieleza habari za goti lake. Tulipolimaliza goti hilo, namshukuru Mungu, analo jingine. Baada ya magoti yote mawili nikamsomea tasnifu yangu, sura ya kwanza na ya pili. Aliitikia vizuri, ee baba, ee baba, mahali panapostahili. Katikati ya sura ya tatu mjukuu wake akaingia kwenye simu akasema bibi yuko bafuni tangu zamani, na je, mimi ni redio?

Ikawadia saa ya dakika kufa. Nilikuwa bado na mlima wake! Nikarudi kwenye maandishi madogo huku jasho likinitoka, na humo nikauona mwanya: ukinunua kifurushi kingine kabla cha kwanza hakijaisha, dakika zilizobaki zinahamia kwenye kipya. Wamejisahau! Mlango wameuacha wazi!

Nimenunua. Dakika zangu zimeokoka zote, na juu yake nimepata nyingine. Sasa nina nyingi kuliko nilipoanza. Natamani kuziona nyuso zao.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku mbaya. Naiandika kwa ufupi kwa sababu za heshima.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa anampigia dada tangu jana kuhusu sare za wanafunzi. Oda kubwa, ambayo dada ameifukuzia tangu mwaka jana. Hapatikani. Hapatikani. Bila shaka hapatikani: laini yake ya zamani ilikuwa mfukoni mwangu. Asubuhi fundi mwingine akapita nje akiimba, na kitambaa cha sare begani.

Dada hakunifokea. Laiti angefoka. Alizima cherehani, akakaa akiitazama sakafu, akauliza kwa sauti ndogo nilikuwa nimemwokolea kiasi gani. Shemeji alisema amefanya biashara miaka mingi, ameibiwa, ameunguliwa, ameliwa na panya, lakini hajapata kuharibiwa kazi na mtu aliyekuwa akimbania matumizi. Akaniambia: mizani nimeipangusa vumbi, shemeji, inakusubiri.

Nilikimbia hadi shuleni. Kwa miguu, na jua hilo. Nilimkuta mwalimu mkuu mezani na nikamweleza yote: dakika zinazokufa, tofauti ya kupiga ndani na nje ya mtandao, nafasi ya mlaji katika soko lisilo na usawa. Alisikiliza akiwa ameshika shavu. Nilipofika kwenye marejeleo akainua mkono. Alisema yule fundi mwingine hajakata hata kipande. Oda itarudi kwa dada yangu leo hii, kwa sharti moja, kwamba mimi niondoke sasa. Nikataka kumalizia nukta moja. Akasema sasa, kijana.

Dada aliposikia alinikumbatia, kisha akanipiga kofi la mgongo, yote kwa mkono mmoja. Nimemrudishia laini yake. Akasema kesho, mdogo wangu, kwa jina la Mungu, jibu ulichoulizwa.

Katika ghasia hizi dakika zangu zilikaribia kufa tena. Nimenunua kifurushi cha juma zima, kile kikubwa, nizihamishie humo zote ziwe salama. Angalau upande huo hakijaharibika kitu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nilivaa koti alilonishonea dada. Begani limekaa vizuri sana. Naliandika hilo kwanza, kwa kuwa ndilo lililokwenda sawa tangu mwanzo hadi mwisho.

Wasaili walikuwa watatu: mama mmoja aliyekuwa mkuu wa idara ya bei, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, kijana wa utawala, na mzee wa mauzo aliyekuwa amesinzia. Mtanashati alitangulia. Alitoka upesi. Nikamwuliza alijibu nini kuhusu faida. Akasema aliwaambia hajui, wakamweleza, naye akauliza maswali. Maskini wa watu. Nilimpa mkono wa pole.

Kisha zamu yangu. Sikungoja swali. Nilisimama nikawashitaki: kikapu, tunda, wizi wa kistaarabu. Nikawaeleza jaribio langu na ushindi wangu. Kijana wa utawala akaacha kuandika. Mama akavaa miwani, akasema ana maswali machache tu, mwanangu, na nikae.

Nilikaa.

Aliuliza dakika zangu nilizitumia kuongea na nani. Na shangazi, nikasema, kuhusu magoti. Akasema mnara umesimama palepale na unakula umeme uleule, tuongee tusiongee, kwa hiyo magoti ya shangazi, Mungu ampe nafuu, hayakuwagharimu kitu. Kinachowagharimu ni mteja anapopiga mtandao mwingine, kwa sababu huko na wao hulipishwa. Je, nilipiga mtandao mwingine mara ngapi? Nikajibu kwa fahari: hata mara moja!

Akaandika kitu.

Akauliza kabla ya juma hili nilikuwa nikinunua nini. Vocha moja ndogo, nikasema, tena si ya kwao. Na juma hili? Nikavitaja. Cha Jumanne. Kile cha kuokolea dakika za cha Jumanne. Kile kikubwa cha kuziokolea zile zilizookolewa. Nilipovitaja kwa mfululizo vilikuwa na mlio nisioupenda. Akauliza ni nani aliyewaleta shangazi, dada na shemeji kwenye mtandao. Mimi. Kwa malipo gani? Bila malipo yoyote!

Hapo mzee wa mauzo akaamka.

Mama akavua miwani. Alisema kwa upole, na upole ndio ulioniuma, kwamba wale wanaosahau dakika zao huwaingizia kidogo. Mwenye kuja kupambana nao ndiye anayewalipia kodi ya jengo. Bei ikiwa ndogo mtu hahesabu, akasema. Na ule mlango unaouona wazi, mwanangu, tuliuacha sisi, tukaweka na zulia.

Nilimjibu kwa nukta kadhaa. Wakanipa maji.

Nyumbani dada alikuwa amesimama mlangoni na tepu ya kupimia shingoni. Akauliza imekuwaje. Nikasema walipigwa na butwaa. Si uongo. Lakini sikuweza kumtazama usoni, nikaenda kulitundika koti taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Simu iliita nikiwa nyuma ya mizani, kwa kuwa shemeji aliona hakuna haja ya kungoja mwezi ujao. Shemeji alikuwa ananionyesha jinsi ya kutenga misumari ya bati na ya mbao, na lazima nikiri alinionyesha kwa subira, bila hata neno la kejeli, jambo lililoniogopesha kuliko kejeli zake zote.

Nafasi ya idara ya bei imechukuliwa na Mtanashati. Yaani yule asiyejua! Lakini mzee wa mauzo, ndiye aliyepiga, ameniombea nafasi idarani kwake. Alisema katika maisha yake hajaona mtu aliyeihamishia familia nzima kwenye mtandao ndani ya siku moja, mmoja wao bila mwenyewe kujua. Nitauza laini sokoni chini ya mwavuli wa Kampuni. Mshahara wa kila mwezi, na nyongeza kwa kila mteja mpya. Ila kuwabadilishia watu laini bila ridhaa, akasema, marufuku kabisa.

Shemeji alicheka hadi akakalia mfuko wa saruji. Mwavuli! Msomi wetu na mwavuli! Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo niikatae kazi hiyo kwa sababu tano, ya kwanza ikiwa ni hadhi. Ndipo dada akaingia na kapu la sare, akauliza kuna nini. Shemeji akamwambia. Dada hakucheka. Akauliza mshahara ni wa kila mwezi kweli? Kila mwezi. Akaweka kapu chini, akajifuta macho kwa ncha ya tepu, akasema basi kesho atanipunguzia koti mikono, maana chini ya mwavuli kuna joto.

Nikafunga mdomo. Sababu zote tano zikabaki ndani. Nimekubali kazi.

Kwa wenye kuelewa, si kushindwa. Ni kupenya ndani ya ngome.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kesho naanza. Dada akanituma nikanyoe. Akasema mtu haaminiki na nywele hizi hata akigawa bure.

Kinyozi wa kona amefungua kiti kipya na amechapisha kadi nzuri, zenye picha ya mkasi: nyoa mara tano ndani ya juma moja, ya sita ni bure. Niliisoma kadi mbele na nyuma. Nikaisoma tena. Nikamtazama yule bwana, anafagia kwa furaha, hajui kitu. Juma moja! Alidhani nani angefika mara tano? Hesabu yake nzima imejengwa juu ya watu kusahau. Nilimwonea huruma kidogo, ndugu wa watu, ana familia. Lakini biashara ni biashara, na kusoma maandishi madogo si kosa langu.

Nimenyoa asubuhi. Nimerudi kunyoa saa nane. Hakukuwa na cha kunyoa, ila nililipa, akapitisha mashine hewani akanigongea muhuri wa pili. Shemeji ameniuliza kama kuna msiba.

Ikifika ile ya sita, ya bure, ndipo atakapojua amekutana na nani.