Jeli Yangu Yaingia Sauna

Jumatatu, 11 Novemba
Jeli yangu imegoma tena. Nimetandaza ngozi ya sikio la nguruwe juu ya kikombe cha kioo, jeli juu, maji chini, nikangoja dawa ya uvimbe ipenye. Wapi! Imekaa juu tu, kama mgeni aliyekataa kuvua viatu mlangoni. Ya Taisto, wa meza ya pili, imepenya vizuri. Akaniuliza kama yangu inataka kubebwa mgongoni. Mshenzi! Ijumaa Daktari Kauko, mkuu wetu, anachagua jeli moja ijaribiwe kwa wagonjwa wa magoti. Atakayeshindwa anahamishiwa kitengo cha dawa za meno. Dawa za meno! Mimi!

Jumanne, 12 Novemba
Nimetia mentoli, ule ubaridi wa mnanaa. Hulegeza ngozi. Dawa ikapenya kidogo. Kwa nini kidogo? Swali hili litaniua. Nikaongeza mentoli. Nikaongeza tena. Maabara nzima ikatokwa machozi, Taisto akauliza nani kafiwa.

Jumatano, 13 Novemba
Joto! Ngozi zetu za majaribio hukaa kwenye nyuzi thelathini na mbili, kama za watu waliokaa ofisini. Je, ngozi ikipata moto wa kweli? Nikamwuliza Daktari Kauko kwa upole. Akasema nifuate utaratibu, na jeli isimguse mtu yeyote kabla ya kibali. Sawa. Lakini mimi si mtu yeyote, mimi ndiye mwenye jeli. Na kesho wanaume tuna zamu ya sauna ya kazini, kile chumba cha mvuke wa moto.

Alhamisi, 14 Novemba
Nilijipaka begani, panaponiuma tangu nianze kuzoa theluji kwa koleo. Nikakaa benchi la juu, katikati ya daktari na Taisto, uchi kama tulivyozaliwa. Bega likapoa papo hapo. Raha! Nikajichapa mgongo kwa matawi ya mti wa mbetula, nikampa daktari, akajichapa, akampa Taisto. Ndiyo adabu ya sauna. Jeli iliyonasa kwenye majani sikuiwaza hata kidogo.

Punde daktari akauliza nani kaacha mlango wazi. Ulikuwa umefungwa. Akamwagia maji mawe ya jiko, mvuke uzidi. Taisto, meno yakigongana, akasema ongeza mzee, ongeza, leo jiko limelala. Nyuzi tisini na tano! Masikio yanaungua, migongo inaganda. Wala hakuna aliyetaka kutoka wa kwanza. Mwanamume gani wa mji huu wa Kuopio hutoka wa kwanza? Mwishowe daktari akanusa matawi. Kisha akaninusa mimi. Tukatoka wote kwa pamoja, mbio.

Lakini bega haliumi! Ni dawa au ni mvuke? Natamani mno kujua.

Ijumaa, 15 Novemba
Imechaguliwa ya Taisto. Daktari alisema bega moja si ushahidi, na kwamba mgongo wake hakuutoa kwa majaribio. Nimelia chooni, sifichi. Taisto akaniletea kahawa, akasema pole ndugu yangu, ila tangu jana kiuno chake hakijamuuma. Hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Jumatatu, 18 Novemba
Dawa za meno. Nimefika nimenuna. Kisha nikaona picha ya fizi ukutani. Nyembamba! Laini! Dawa ingepita hapo bila kubembelezwa. Mbona hakuna aliyeniambia? Nasikia Daktari Kauko anasumbuliwa na jino. Na kesho ni zamu yangu kupika maandazi ya kahawa ya mchana.