Tunapokea Kadi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mvua ya alfajiri. Ukungu umelala juu ya majaruba ya mpunga ya Mwamkulu. Nimekaa mlangoni mwa duka langu, naota. Redio imesema maduka yataanza kupokea kadi za serikali, zile za kaya maskini, badala ya pesa taslimu. Nikaiona foleni: akina mama, vikapu, na mimi Krispini ndani ya koti jeupe! Wenye maduka wameitwa semina Mpanda mjini wakapewe mashine za kusomea kadi. Pudensiana, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, ameshapanda bodaboda. Semina! Mwenye akili anahitaji rangi na brashi tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika ukutani: TUNAPOKEA KADI. Herufi nyekundu! Wa kwanza kuja ni Mayu Minza, bibi wa Kisukuma anayelea wajukuu peke yake. Akauliza mashine iko wapi. Nikaweka kadi yake juu ya kalkuleta, nikalia "tiii" kwa mdomo. Akaondoka na unga, maharage na mafuta. Kadi nimebaki nayo, mashine yangu ikija nitaipitisha. Serikali itamsahauje mtu mchangamfu hivi? Mchana nikalala juu ya magunia. Nikaota milango ya kioo inayojifungua yenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Foleni! Vilevile nilivyoiona! Nimelia "tiii" mpaka koo limekauka. Rafu zimebaki na chumvi na viberiti. Droo imejaa kadi, nikazitandaza mkekani nizitazame zinavyong'aa. Pudensiana amerudi na mashine ya kweli. Eti inatoa na risiti. Majivuno!

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Nilifunga duka nikaenda mjini kukopa bidhaa. Hakuna aliyenikopesha. Kurudi, umati mlangoni, na mtendaji wa kata, Bwana Arcade, mbele yao. Akataka kuona mashine. Nikamwonyesha kalkuleta. Hakuna aliyecheka.

Kumbe Mayu Minza aliishiwa unga, akaenda kwa Pudensiana, akaambiwa alete kadi. Kadi iko kwangu, kwangu kumefungwa. "Krispini, mwanangu," akasema, "watoto wameshinda njaa."

Nikarudisha kadi, mkono kwa mkono, bila kuinua macho. Mtendaji akataka kunifungia duka. Mayu Minza ndiye aliyemzuia. "Mashine yake ya uongo, ila unga wake tuliula kweli. Tukivuna mpunga tutamlipa." Wengine wakaitikia. Nimeamriwa kufuta ukuta. Nimefuta, huku machozi yananitoka.

Jumapili, 9 Machi
Kimya. Upepo unapita kwenye rafu tupu, mtamu kweli. Mayu Minza kanipitia akitoka kanisani. Pudensiana, kumbe ana roho nzuri, ameniombea nafasi semina ijayo. Nimekubali kwa moyo wote. Nimeapa.

Kisha likapita gari la watalii, linaelekea Sitalike kuangalia viboko. Wazungu nao wana kadi! Za rangi ya dhahabu! Semina ya nini tena?

Rangi nimeshakoroga. Safari hii naandika kwa Kiingereza.