Walioamka Kiholela

Inatangazwa kwa wananchi wote wa kata ya Mkuyulo kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu atakayeamka ovyo. Kuamka ni jambo la kitaalamu, na wataalamu wamepatikana.

Tangazo hilo alilisoma Othmar, Afisa Mtendaji wa Kata, kwa kipaza sauti, akiwa amesimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Alikuwa amevaa fulana mpya iliyoandikwa ASUBUHI YENYE DIRA. Fulana hiyo aliipata Mbinga mjini, kwenye semina iliyokuwa na chai ya saa nne, chai ya saa kumi, na katikati yake mafunzo kidogo. Huko ndiko Kurugenzi ya Uamkaji ilikomfumbua macho. Kumbe umaskini wa watu wake haukutokana na bei ya mbolea wala ubovu wa barabara. Ulitokana na namna wanavyotoka kitandani.

Mwananchi mwenye dira huamshwa na afisa saa kumi na moja alfajiri. Huketi kimya kitandani nusu saa, akitafakari maisha yake. Hunywa maji ya uvuguvugu. Kisha hutaja lengo lake la siku mbele ya afisa, ndipo huruhusiwa kukanyaga nje. Mtendaji ambaye kata yake ingeamka vizuri kuliko zote angepandishwa cheo na kuhamia wilayani, na Othmar alikwishamwambia mkewe, Hildegardi, aanze kugawa kuku.

"Nigawe kuku kwa ajili ya fulana?" Hildegardi aliuliza, akaendelea kuwamwagia kuku wake pumba.

Jumatatu Othmar aliamka kwa taabu, maana usingizi wa alfajiri ni mtamu na yeye hakuwa na ugomvi nao. Akapita nyumba kwa nyumba. Hakukuta mtu kitandani. Katekista Urbani alikwishapiga kengele ya kanisa na sasa alikuwa shambani. Wanawake wote walikuwa ufukweni na mabeseni yao, wakingojea mitumbwi iliyokesha ziwani ikivua usipa, dagaa wa ziwa hilo, kwa taa, ili wauanike. Njiani akakutana na Mzee Abdulazizi, mwenye duka, anatoka msikitini.

"Shikamoo, mzee. Nani amekuamsha?"

"Marahaba. Adhana."

"Adhana ina barua ya uteuzi?"

Mzee alimtazama kwa huruma. "Nenda ukalale, mwanangu. Usingizi unakusemesha vibaya."

Saa mbili ikapigwa simu. Alikuwa Daktari Bartholomayo mwenyewe, Mkurugenzi wa Uamkaji.

"Umeamsha wangapi?"

"Hakuna, Mkurugenzi. Nilikuta wote wameshaamka."

"Kwa idhini ya nani?"

Othmar akatazama maandishi ya fulana yake.

"Huko ni kuamka kiholela, Othmar. Kata nzima inaamka kiholela, na wewe unaniambia kwa sauti ya mtu mwenye habari njema! Ijumaa nakuja na wapiga picha. Nikute watu wamelala."

Othmar akaona wilaya inampungia mkono wa kwaheri. Mchana huohuo akaitisha mkutano, akatangaza sheria ndogo: atakayeonekana nje Ijumaa kabla ya kuamshwa, mgambo watamrudisha kitandani na kumfunika.

Lidia alisimama. Alikuwa mjane wa nyumba iliyo karibu kabisa na maji, na hakuwa msemaji wa mikutanoni.

"Mtendaji, Jumamosi namwoza Tadea. Wakwe wanashuka kutoka Kitura, na ndugu zetu wa Mbaha wanakuja. Kitoweo chao ni usipa wa Ijumaa, sina kingine. Usipa ukibaki umerundikana mtumbwini mpaka jua likaupata, unalainika kama uji. Niwalishe wakwe ugali na upepo?"

Othmar aliona huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, kwani Tadea alimjua tangu akibebwa mgongoni. Lakini wilaya aliipenda zaidi.

"Mama Tadea, dira kwanza, kitoweo baadaye."

Lidia akaketi. Waliomjua walisema heri angetukana.

"Na sisi wavuvi?" aliuliza Augustino. "Usiku hatulali. Mtatuamsha kutoka wapi?"

Swali lilikuwa zito. Othmar alishika kidevu, akatoa ufafanuzi: mvuvi akifika nchi kavu auache mtumbwi kama ulivyo, aende nyumbani, ajilaze, angoje kuamshwa kama raia wengine.

"Sawa," alisema Augustino, akamtazama Lidia. Lidia akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa kijiji kilitii kupita kiasi. Mitumbwi ilifika imejaa pomoni, wavuvi wakaifunga, wakaenda kulala. Ufukweni hapakubaki mtu. Walikuja kunguru, ambao hawako chini ya Kurugenzi.

Daktari Bartholomayo alishuka kwenye gari, suti yake bado ina mikunjo ya kabatini, akafurahi kusikia kijiji kizima kinakoroma. Akaingia nyumba ya kwanza, kwa Lidia, kamera zikimfuata. Lidia alikuwa amejifunika shuka gubigubi.

"Amka, mwananchi!"

Lidia akaamka polepole. Akaketi. Akaanza kutafakari nusu saa yake, wakuu wote wakiwa wamesimama wima chumbani, wakijizuia kukohoa. Dirishani kulianza kupambazuka. Alipoona kunguru wa kwanza akitua kwenye mtumbwi, chozi lilimtoka, nalo halikuwa la maigizo. Mpiga picha akalipiga mara nyingi.

"Hiyo ndiyo dira," alinong'ona Mkurugenzi. Kamera zilikuwa zimemlevya. Maji ya uvuguvugu yalipokwisha kunywewa, akapandisha sauti: "Taja lengo lako, mama! Na ninaagiza hapahapa, mbele ya taifa: kiongozi yeyote wa uamkaji, mimi nikiwemo, hatakunywa chai mpaka lengo la mwananchi huyu litekelezwe!"

Wasaidizi wake wakapiga makofi. Othmar naye akapiga.

"Lengo langu ni usipa uanikwe," alisema Lidia. "Sasa hivi. Mimi sitatoka, maana wenzangu bado hawajaamshwa, na sipendi kuwatangulia kwenye maendeleo."

Mkurugenzi akacheka, akatazama kamera, akaacha kucheka.

Wakakimbilia kwa Augustino ili waamshe watu wa kusaidia. Augustino akatafakari nusu saa. Lengo lake lilikuwa usipa uanikwe. Kwa Mzee Abdulazizi hawakwenda, maana jua lilishaanza kupanda.

Basi viongozi wakavua viatu. Wakakunja suruali, wakaingia majini, wakabeba mabeseni kichwani, maji ya samaki yakiwachuruzika mpaka kwenye tai. Lidia alikaa dirishani.

"Msirundike, baba zangu! Tandazeni! Wewe mwenye suti, geuza huo!"

Usipa ukapona. Jumamosi Tadea akaolewa, na wakwe wa Kitura wakaomba kitoweo kiongezwe.

Zile picha zilifika mkoani, na mkoani wakafurahi mno. Hawakuwahi kuona kiongozi akifanya kazi kabla ya chai. Likaja agizo: Kurugenzi nzima ya Uamkaji ihamie Mkuyulo, ianike usipa kila alfajiri mpaka msimu uishe. Othmar alipata cheo chake. Sasa ni Mratibu wa Kuamsha Viongozi, ngazi ya wilaya, kituo cha kazi Mkuyulo. Wananchi wengine waliachwa waamke wapendavyo.

Kila alfajiri Othmar huenda na kipaza sauti kwenye darasa la shule wanamolala wakuu.

"Mkurugenzi, mitumbwi imefika."

Chandarua hakitikisiki. Baada ya muda hutoka sauti ya chini, ya mnyonge: "Othmar, ndugu yangu, mwambie yule mama nina malaria."

Lidia yuko mlangoni, beseni kiunoni.

"Pole sana, baba," anasema. "Njoo nayo."