Msuli Wenye Milia

Jumatano, 6 Machi

Nimetukanwa leo! Tena na yule binti wa viungo pale zahanati, anayenyoosha watu miguu. Kandambili zangu zimemzidi umri. Kaniambia niinuke kwenye kiti bila kushika popote. Nikainuka. Kusema kweli nilirudi kabla sijainuka. Eti mapaja yangu yamelala. Yamelala! Mapaja yaliyopakata watoto saba!

Jumatatu ananipima tena. Kiti, halafu ngazi. Nikifaulu narudi nyumbani kwangu, kwa kuku wangu na mlango wangu mwenyewe. Nikishindwa nabaki hapa kwa mwanangu moja kwa moja, na nyumba yangu anapangishwa fundi cherehani. Fundi mwenyewe keshakwenda kupima madirisha ya mapazia. Na mimi sijafa!

Hapa nalala chumba kimoja na Mkwe, mama wa mke wa mwanangu. Naye ana goti bovu, naye anapimwa Jumatatu. Asubuhi anafanya mazoezi kitandani huku anahesabu kwa sauti, makusudi nisikie. Leo kaniuliza kwa upole kama nataka anisaidie. Nikamwambia anisaidie kufunga mdomo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata siri!

Mjukuu wangu wa kike anasomea uuguzi, ana mtihani. Anazunguka jikoni akisoma kwa sauti kama anahutubia masufuria. Mimi napembua mchele, masikio wazi. Akasema tishu za misuli ziko aina tatu. Tishu nazijua, ni zile karatasi za kufutia pua. Msuli naujua, ni nguo anayojifunga mwanangu kiunoni akitoka kuoga. Hivyo viwili vinakutana wapi? Sijui. Shule niliacha mapema, lakini masikio sikuyaacha huko.

Akasema aina ya kwanza ina milia, imeshikana na mifupa, ndiyo inayotembeza watu, na inafuata amri ya mwenyewe. Ya pili ni laini, haina milia, inakaa tumboni na kwingineko, haifuati amri ya mtu, inajiendea tu. Ya tatu sikuisikia, mchele ulimwagika.

Nikamuuliza, mtu miguu ikiwa mizito anahitaji ipi? Akajibu bila kuinua macho kwamba ni hiyo yenye milia bibi, hiyo ndiyo ya kushughulikia.

Kumbe! Mwanangu ana misuli miwili. Mmoja wa milia, mmoja mweupe, laini, hauna hata mstari. Na kweli, siku akijifunga wa milia anakuwa mtu wa kazi, anapigilia hata misumari. Akijifunga ule laini analala kwenye kochi, umwite usimwite. Miaka yote nilidhani ni uvivu.

Ijumaa, 8 Machi

Msuli wa milia umeanikwa juu ya paa. Ngazi! Nimepanda kwa makalio, kidato kimoja kimoja, nikimlaani aliyezijenga. Kufika juu, msuli bado mbichi. Nikashuka. Nikapanda tena, bado unachuruzika. Safari iliyofuata nilipanda kwa kushika ukuta, hasira ilikuwa imenisahaulisha makalio. Nikaupata! Nikauficha chini ya mto.

Mwanangu kurudi kazini, kageuza nyumba chini juu kutafuta msuli wake. Kamlaumu mkewe. Mkewe kanuna. Chakula kikachelewa. Ikabidi niukimbize tena kwenye kamba wakati wanagombana, nishuke, nijifanye nimetoka chooni.

Mazoezi ya binti wa viungo sijafanya hata moja. Nafasi nitaipata wapi?

Jumamosi, 9 Machi

Mpango mpya. Mwanangu akitoka, nauteremsha. Kabla hajarudi, naupandisha. Magoti yanalia kama bawaba kavu.

Nimejaribu kuuvaa chini ya gauni. Kwa kuwa imesemwa imeshikana na mifupa, nimeufunga chini kabisa, kwenye mifupa ya nyonga. Nikakaa kitandani. Nikauamuru kwa sauti: Simama! Loo! Nikajikuta nimesimama. Milia imesikia.

Halafu nikamgawia Mkwe ule laini. Nikamwambia unapasha goti joto, Jumatatu aufunge tumboni. Acha ujiendee naye! Alishukuru mpaka akanishika mikono. Akasema hakujua kama nampenda hivyo. Nikamwambia asizidishe.

Jumapili, 10 Machi

Mwanangu kashinda nyumbani, anaingia na kutoka kama mlinzi. Nimepanda na kushuka kutwa nzima, nauficha, naurudisha. Mkewe kaniuliza nafuata nini huko juu. Nikamwambia hewa.

Jambo moja silielewi. Ngazi zimefupika. Leo nimefika juu nikiwa bado naimba. Nashuku kuna kidato kimeng'olewa. Watu wa siku hizi huiba chochote.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeamka na milia nyongani na tishu pakti nzima kiunoni, kwa kuwa imesemwa tishu za misuli, vinakwenda pamoja. Mwanangu katupeleka.

Mkwe kaanza. Tumbo lake likanguruma chumba kizima, bila kuamriwa na mtu. Nikajisemea, laini hiyo inafanya kazi yake. Mara akainuka kitini! Bila kushika! Akapanda ngazi akishangiliwa. Nikachanganyikiwa. Nikawaza labda kaugeuza, milia iko ndani.

Zamu yangu. Nikakaa. Moyo unapiga kama mlango kwenye upepo. Nikaamuru: Simama! Binti wa viungo akasimama. Mwanangu akasimama. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja kwenye benchi na fimbo yake naye akasimama. Mimi nikawa wa mwisho, lakini nikasimama.

Kwenye ngazi ndipo balaa. Nimekanyaga kidato cha pili, fundo likafunguka. Msuli ukateremka mpaka vifundoni, tishu zikatapakaa kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa. Nikamwona akilini yule fundi cherehani anatundika mapazia yake kwenye dirisha langu. Ng'o! Nikainama, nikaokota msuli, nikautupia begani, nikapanda mpaka juu. Nilipogeuka, binti wa viungo alikuwa bado chini anaokota tishu. Akaniuliza kama nina mafua.

Nimefaulu! Binti kanibonyeza mapaja, akasema yameamka, akataka kujua nimefanya mazoezi gani. Nikamwambia sijafanya hata moja, mazoezi ni ya watu wasio na akili.

Mwanangu alikodolea macho msuli begani mwangu, halafu ule uliokuwa ukichungulia tumboni kwa mama mkwe wake. Akageuka kutazama ukuta. Nilimlea vizuri.

Jumanne, 12 Machi

Nyumbani kwangu! Kuku wamekonda, mlango unakwaruza vilevile. Mwanangu kanipa msuli wa milia kabisa, kasema hautaki tena.

Mjukuu ndiye aliyenileta. Njiani nikamshukuru kwa siri yake. Akaniuliza siri gani. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini barabarani. Kisha akanishika paja, eti msuli ndio huu bibi, nyama iliyo chini ya ngozi, na zilizouamsha ni ngazi za paa. Maskini, mtihani ule anafeli.

Sikumbishia. Nilimwuliza tu ile aina ya tatu iliyonipita mchele ulipomwagika. Akasema ni ya moyo. Ina milia, lakini haifuati amri ya mtu yeyote, na haichoki mpaka siku ya kufa.

Ina milia, haiamriwi, haichoki! Huo sasa ndio saizi yangu. Kesho naamkia dukani kuulizia.