Kuhusu Mkamwana Wangu na Benchi la Kompyuta

Zablon Ratemo,
Karani Mstaafu wa Shamba la Chai,
Sotik.
Juni 7, 1996.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Watumiaji wa Kompyuta,
Jumba la Kanisa, Sotik.

Mheshimiwa Bwana Kipyegon,

KUH: KUONDOLEWA KWA MWALIMU MONGINA

Natumaini barua hii itakukuta ng'ombe wameshakamuliwa na wewe umeketi, kwa maana si barua ya kusomwa mtu akiwa amesimama.

Mimi ni mwanachama nambari nne. Katiba ya chama niliiandika mimi, sheria zote thelathini na moja, pamoja na ile ya tisa isemayo kwamba barua yoyote kwa kamati sharti ichapwe kwa kompyuta. Tangu tuanze, miezi kumi na minne sasa, sijakosa mkutano hata mmoja. Hata ile Jumapili mvua ya mawe ilipopiga majani chai na kila mtu akakimbilia shamba lake, mimi na bawabu tulifungua kwa sala, tukasoma muhtasari, tukafunga kwa sala. Kwa hivyo usinione mchochezi. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, ingawa kwa jambo hili ningependa sana wangekuwa wametuachia methali nyingine.

Chama chetu kina kompyuta moja, wanachama kumi na saba, na mtu mmoja tu anayeielewa. Mtu huyo ni Mongina, aliyesomea kazi ya ukatibu kule Kisumu. Baadaye akaolewa na mwanangu Bosire, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia. Ninyi Wakipsigis mna heshima zenu za wakwe. Sisi Wakisii tuna yetu, inaitwa chinsoni. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe, hakai kiti kimoja na mke wa mwanawe, na hamgusi. Kwa miaka tisa tumeishi boma moja bila dosari. Mongina akija na njia ya mtoni, mimi nakata ndani ya majani chai. Sasa chama kimetuketisha pamoja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, mbele ya watu, na muhtasari unaandikwa!

Malalamiko yangu ni haya.

1. Benchi. Lilitengenezewa watoto wa Sunday school. Nimelipima, halifiki hata mita moja na nusu. Mwalimu anakaa kushoto, mwanafunzi kulia. Mwezi wa kwanza nilitumia dakika zangu kumi nikiwa nimesimama na kuinama, na mgongo wangu uliendelea kuinama hadi Ijumaa. Nikapendekeza mtu mwingine akae katikati yetu. Kamati ikamteua Bwana Kipkirui.

2. Bwana Kipkirui. Sina neno naye, ni mfanyabiashara mwaminifu wa ng'ombe. Lakini Mungu alimpa mwili. Tangu akae katikati, Mwalimu huona nusu ya skrini na mimi nusu nyingine. Tena, kwa kuwa haifai mimi na mkamwana wangu kurushiana maneno, yeye humwambia Kipkirui, na Kipkirui huniambia mimi, ambaye nimeshasikia kila kitu. Mongina husema, "Mwambie Baba afinye hiyo batani kubwa ya chini." Kipkirui hugeuka, hukohoa, kisha husema, "Mzee, mwalimu amesema ufinye hiyo kubwa ya chini. Lakini mimi naona hii ya juu ndio mzuri." Na mimi, kwa sababu ndiye aliyeteuliwa na kamati, hufinya ya juu. Kwa njia hiyo tumepoteza kurasa tatu na maelewano mengi.

3. Alama. Mwezi wa tatu Mwalimu alitundika ukutani karatasi ya maendeleo ya wanachama. Mimi niliyeweka daftari la wachumaji mia sita bila kosa, nimekuwa wa kumi na mbili. Jerusa, anayeuza omena sokoni, ni wa pili. Mke wangu Elmina aliisoma karatasi hiyo kwa sauti, na tulipokuwa tukienda nyumbani akairudia kwa kichwa. Niambie, ni wapi duniani baba mkwe amepewa nambari na mkamwana wake? Na mbele ya jina langu ameandika "Anajitahidi." Angeandika mimi ni mjinga ningejua la kumjibu.

4. Kazi yangu. Wajua ninachokiandika. Tulipomzika rafiki yetu Orina, karatasi ya mazishi ilisema alizaliwa mwaka wa 1972, yaani alipata watoto wanne kabla hajazaliwa. Ilisema tena alipenda sana mpira, mtu aliyeuchukia mpira maisha yake yote. Nikaapa siku ile kwamba yangu nitaiandika mwenyewe nikiwa hai. Ni hilo tu linalonileta mkutanoni. Wengine wanaandika barua za kuomba kazi na jinsi ya kupika keki. Mimi naandika maisha ya marehemu, na marehemu ni mimi.

Sasa Mwalimu ndiye anayenihifadhia kazi hiyo, kwa hivyo huisoma. Mwezi wa nne aliuliza, kwa upole, jinsi nilivyokuwa kiranja wa shule na karani wa shamba katika mwaka mmoja. Swali lilikuwa zuri. Lakini Kipkirui alinifikishia hivi: "Mzee, hapa umedanganya?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Muhtasari unasema "wanachama walifurahi."

5. Mkono. Hili naliandika kwa shida. Jumapili iliyopita Kipkirui hakuwepo, alikuwa amepeleka ng'ombe Litein. Nikasema potelea mbali, nikakaa kwenye ncha ya benchi, nusu hewani. Mvua ikaanza kunguruma, taa zikapepesa. Ukurasa wangu mpya, ule wa kifo cha mama yangu, ulikuwa wazi na haujahifadhiwa. Mongina alipoona stima inataka kwenda, aliruka akashika kile kidude cha mezani wanachokiita panya. Mwenyekiti, mkono wangu ulikuwa juu ya panya.

Mkono juu ya mkono, na wewe mwenyewe ulikuwepo. Nilipiga ukemi. Benchi likapinduka, mguu wangu ukang'oa waya, na giza lililofuata halikuletwa na mvua. Ukurasa ukapotea. Mongina alilia, na mimi sikuwa mzima sana. Tangu siku hiyo ananikwepa kuliko ninavyomkwepa. Jumanne sote wawili tuliingia ndani ya majani chai kukwepana, nusura tukutane huko.

Nimetafuta suluhu kwa moyo safi. Niliwaza pazia, lakini Kipkirui angekaa upande upi? Niliwaza Mwalimu akae chumba cha pili na ukuta utobolewe tundu. Pasta amekataa. Niliwaza hata kumwomba Bosire asimamishe ndoa yake mpaka nimalize kazi yangu, halafu aendelee nayo. Elmina akaniambia ninywe maji nikalale, tena wana watoto watatu. Limebaki moja tu. Naiomba kamati imwondoe Mongina katika ualimu, na itafute mgeni kutoka Nakuru au hata Nairobi, mtu ambaye hajaolewa na yeyote tunayemjua. Kabla hajapatikana, Kipkirui na afundishe.

Nakushukuru kwa subira yako. Wasalimie mama watoto, Pasta na ukuta wake, Jerusa na nafasi yake ya pili, na wanachama wote mmoja mmoja kwa nambari zao.

Ni mimi wako katika utaratibu,
Zablon Ratemo,
Mwanachama Nambari 4.

Baada ya sahihi: Haya naandika kwa kalamu, nisamehe kwa kuvunja sheria ya tisa. Nilipoitunga sikufikiri kwamba ni mtu mmoja tu kati yetu anayeweza kuitimiza. Kwa hivyo leo nilisimama nje ya dirisha la jumba na mwavuli, nikamsomea Mongina barua hii yote, naye ndani akaichapa. Hakubadilisha neno. Alipofika pale penye mkono alisimama kidogo. Nikangoja, akaendelea.

Alipomaliza aliweka karatasi dirishani, akarudi nyuma hatua tatu, akaniambia mwenyewe, "Baba, chuo cha makatibu cha Kericho kimeniita nikafundishe. Nilikuwa nimekataa juu ya hiyo kazi yenu, nilitaka niwamalizie kwanza. Lakini kama ni hivi, nitaenda tu. Na hiyo page ilipotea, ya nyanya, mama yako, nimeiandika tena. Nilikuwa naikumbuka."

Nimeusoma ukurasa huo chini ya mwavuli. Hakuna neno kuhusu mama yangu lililokosekana.

Nilitaka kuichana barua hii. Lakini itazame mwenyewe ilivyonyooka pembeni, hakuna karani wa zamani anayeweza kuichana. Basi naituma, na ombi langu nalifuta. Aende Kericho, kazi ni kazi, na si mbali. Ila Jumapili ya kwanza ya kila mwezi arudi kwetu. Nauli nitatoa mimi, lakini yeye aambiwe ni chama kinachotoa, tena ni chama kilichoomba. Mimi siwezi kumwomba mwenyewe. Nikianza nitalia mbele ya mke wa mwanangu, na kosa hilo kwetu halina hata faini yake.