Mluzi wa Vidole Viwili

Jumatatu, 3 Machi

Siku nzito. Naandika kwa haki, bila kumwonea mtu wala mnyama.

Jana mke wangu alikuwa anamtembeza Tulizo, mbwa wetu, kijana wa miezi tisa, kichwa maji. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi, nawaeleza wenzangu jinsi mbwa huyu anavyonitii. Wakacheka. Nikapiga mluzi. Mmoja tu, wa vidole viwili, wa heshima. Tulizo akavuka barabara. Mke wangu, kamba mkononi, naye akavuka, mwanzo kwa miguu. Amevunjika mkono wa kushoto. Na yeye ni fundi cherehani! Kosa ni la mbwa, hilo halina mjadala.

Shemeji, kaka yake mke wangu, alifika kabla plasta haijakauka. Akasema atamchukua Tulizo akamfunge mnyororo kwenye lango la ghala lake la mbao. Mke wangu akageukia ukutani. Tulizo aliingia nyumba hii wiki tuliyomzika mama mkwe, na jina hilo alipewa na mke wangu mwenyewe. Sikuweza kuvumilia. Nikatamka mbele ya wote kwamba nitamfunza mbwa huyu kutembea na kamba kwa utulivu. Shemeji akanitazama kama ubao uliooza. Akanipa hadi Jumapili ya tarehe 23.

Jumatano, 5 Machi

Mkono mtupu haulambwi. Nikakaanga maini, nikayatia mfuko wa nyuma wa suruali, tukatoka. Maendeleo makubwa! Tulizo hakuvuta hata kidogo. Alinifuata nyuma nyuma, pua mfukoni. Tulipofika duka la dawa, mfuko haukuwepo. Wala jirani zake. Nikarudi nyumbani mgongo ukiambaa ukuta, nikiwasalimia watu kwa adabu zote.

Mke wangu hawezi kushona kwa sasa. Suruali nimeibana kwa pini. Akaniomba, tafadhali, nimwachie mbwa yeye. Nikamjibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nilipomfunga vifungo vya gauni alisema asante, ila aliviambia vifungo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegundua siri. Mbwa anayevuta ni mbwa asiyechoka. Achoshwe!

Nikakimbia naye hadi uwanja wa mpira, nikauzunguka. Mzunguko wa kwanza nilikuwa mbele. Wa pili tulikuwa sawa. Wa tatu siukumbuki vizuri. Muuza viazi alinikuta nimelala kwenye nyasi, Tulizo akinilamba sikio, akanipakia kwenye mkokoteni wake juu ya magunia. Njia nzima Tulizo alitembea kando ya mkokoteni, ametulia tuli, kamba imelegea. Kwa hiyo anaweza! Muuza viazi akasema labda anapenda mtu asiye na papara. Sikuona uhusiano.

Jumanne, 11 Machi

Jambo la kusikitisha. Nimeamka mapema, nikachungulia dirishani, nikamwona mke wangu kichochoroni na Tulizo. Haendi. Amesimama tu. Tulizo anavuta, yeye amesimama, anatazama mawingu. Tulizo akichoka kuvuta akageuka kumtazama, kamba ikalegea, hapo wakapiga hatua mbili. Akivuta tena, yeye kasimama. Nikaogopa. Zile dawa za maumivu zimeanza kumchanganya, maskini.

Nikaona niwachangamshe. Nikapiga mluzi. Tulizo akaruka juu kama kaa la moto limemwangukia. Mke wangu akajikita ukutani kwa bega, akashikilia kamba, hakwenda popote. Akaniangalia. Muda mrefu.

Alipoingia ndani nilishajiandaa kusemwa. Wapi! Akasema kwa upole kwamba kesho asubuhi nipige tena. Na keshokutwa. Kila siku, wakati uleule. Tangu aanguke hajaniomba kitu zaidi ya kuniomba nitulie na nimwachie mbwa. Nimeguswa sana. Mluzi wangu unampa nguvu.

Jumamosi, 15 Machi

Napiga mluzi kila asubuhi kama nilivyoombwa. Lakini kazi ya mafunzo ni yangu, na siku zinayoyoma. Mimi ni mchora mabango. Nikajiuliza: mbona sijatumia ufundi wangu? Mbwa huharibiwa na watu wanaomwogopa. Wakimwamini, atajiamini. Nikachora kibao kizuri, herufi nyekundu zenye kivuli: MBWA MTULIVU. MWENDA POLE HAJIKWAI. Nikamvika shingoni.

Kibao kikamgonga goti. Akakikimbia. Kadiri alivyokimbia ndivyo kilivyomgonga, na kadiri kilivyomgonga ndivyo alivyokimbia, nami nyuma yake, kamba imenikaza kiganja. Tukapita foleni ya zahanati kuanzia mkiani hadi dirishani. Muuguzi aliyemfunga mke wangu plasta akatutambua. Akauliza ni nani kati yetu anayekuja kutibiwa leo. Watu wazima wazima wakacheka! Kibao kimepasuka. Imebaki POLE peke yake, inaning'inia.

Jumatano, 19 Machi

Leo sina mzaha.

Jioni nilikuwa namvua mke wangu koti, taratibu kwa ajili ya mkono, akaanza kuzungumza. Akasema baada ya msiba wa mama yake, watu walipokwisha kuondoka, Tulizo alikuwa analala juu ya miguu yake, kitoto kidogo, kizito kama tofali, hanyanyuki mpaka yeye amalize kulia. Mimi nilikuwepo nyumbani siku hizo. Nilikuwa namfariji kwa maneno. Akasema maneno yalikuwa mengi. Akasema kama Tulizo akifungwa kule ghalani, hajui atakaa vipi katika nyumba hii.

Roho imeniuma. Nikamuuliza anataka nifanye nini Jumapili. Akasema nisifanye kitu. Kamba ataishika yeye. Nimekubali. Nitasimamia kutoka mbali, kama wasimamizi wote wakubwa.

Jumapili, 23 Machi

Shemeji alikuja na mnyororo kwenye mfuko. Ukalia alipouweka mezani. Mke wangu hakuutazama. Akachukua kamba kwa mkono mzima, akatoka na Tulizo. Mimi nikavuka ng'ambo, kwa kinyozi.

Jamani. Akapita mwenye baiskeli: Tulizo kimya. Paka juu ya ukuta, paka mwenye dharau: kimya. Walitembea bega kwa goti, kamba imelegea kama ya kuanikia nguo, na mke wangu kichwa juu. Sijamwona akitembea hivyo tangu msiba. Macho yalinijaa, siyaonei haya.

Nikawaambia wenzangu pale kwamba hiyo ni kazi yangu. Wakacheka. Walewale! Mtu una damu, una moyo. Kabla sijajua, vidole viwili vilikuwa mdomoni.

Mluzi ukatoka. Shemeji, mlangoni kwetu, akashika kichwa. Kinyozi akazima mashine. Mtaa mzima ukasimama.

Tulizo akainua sikio moja. Akamtazama mke wangu. Mke wangu akamwambia taratibu, twende, baba. Wakaenda. Tulizo hakugeuka hata mara moja.

Shemeji amerudisha mnyororo mfukoni, ameondoka nao. Mke wangu amecheka leo, kicheko chake cha zamani, huku Tulizo kamlalia miguuni. Nimefurahi mpaka nimekosa pumzi. Mafunzo yangu yamezaa matunda.

Ila kuna jambo linanikereketa. Nimeita, na mbwa hakuja. Mbele ya watu! Mbwa gani huyu asiyeitika kwa bwana wake? Hiyo ni kasoro kubwa ya malezi, na sijui kaipata wapi. Lazima irekebishwe angali kijana. Kesho mke wangu akishamfikisha upande ule wa barabara, mimi nitasimama huku kwa kinyozi. Sijamwambia bado, nataka iwe zawadi. Maini nimeshakaanga.