Kweli Kinzani Moja kwa Kila Ukurasa

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri ameurudisha mswada. Eti riwaya imelala doro. Na mimi niliyeacha kazi ya mbali kwa ajili yake! Anasema inakosa kweli kinzani: jambo linaloonekana uongo mtupu, msomaji akasita, akaliwaza, akakuta ndiyo kweli yenyewe. Kumbe ni hilo tu! Kinyozi wa pale chini, ambaye riwaya yake imeshapitishwa, alilijua akaninyima.

Jumanne, 4 Machi
Mkakati: kweli kinzani moja kwa kila ukurasa. Tajiri yule alikuwa maskini. Kipofu aliona yote. Maji yalikuwa makavu. Hiyo ya mwisho inanishinda hata mimi. Cherehani ya mke wangu inanivuruga. Nimemwambia mume anaandika. Ameihamishia nje.

Jumatano, 5 Machi
Kimya kimetanda. Sijaandika hata mstari. Mke wangu alikuja kunieleza habari za ugonjwa wa mama yake. Nikamwomba aieleze kinyumenyume, huenda ingenifaa. Akainuka akaondoka.

Alhamisi, 6 Machi
Mhariri amezisoma zote za juzi, uso umemkunjamana. Kweli kinzani haipachikwi kama kifungo, anasema. Humtoka mtu aliyebanwa na maisha hadi maneno ya kawaida hayamtoshi. Nitampata wapi mtu wa namna hiyo? Nyumbani tuko wawili tu.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu amefungasha. Mlangoni akaniambia, "Ulipokuwa unafanya kazi mbali, tulikuwa pamoja. Umerudi nyumbani, nimebaki peke yangu."
Atanisubiri kwa mama yake mpaka Jumapili. Nisipomfuata, ndoa imekwisha. Nilikimbilia mezani kuiandika sentensi yake kabla sijaisahau. Kisha nikalia.

Jumamosi, 8 Machi
Mhariri aliisoma sentensi ile, akafuta miwani. Akauliza nimeitoa wapi. Kichwani, nikasema. Riwaya imepita! Ila anasema mwisho unadai nyingine, nzito kuliko hii. Kinyozi sasa hanifikii hata kisigino.

Jumapili, 9 Machi
Nyumba inanitisha. Nampenda mke wangu, hilo sifichi. Nilivaa viatu nimfuate. Mlangoni nikasita: nikienda leo atasema nini? Atafurahi, na mtu mwenye furaha husema maneno ya kawaida tu. Nimevua viatu. Nitakwenda kesho, akiwa ameshakata tamaa kabisa. Kalamu nimeiweka tayari mfukoni.